Ukurasa wa Bi Rukia

Kwa Profesa Kadzo, aliyelala chumba cha pili akikoroma kama lori lililokwama geti la bandari ya Kilindini,

Nianze kwa kukujulisha jambo ambalo vyuo vyote ulivyosoma vimekuficha: mwanatheolojia mkubwa kuliko wote waliopata kukanyaga kisiwa hiki cha Mombasa ni mimi, Katana, babako, mwenye darasa la sita lisilokamilika na meno yote kinywani. Hao wengine wameandika vitabu. Mimi nimetoa profesa. Nimemlea peke yangu, nimemsuka nywele peke yangu, nimemtoa chawa peke yangu, nimemburura kanisani kila Jumapili peke yangu, nami nikiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama zitoke au zisitoke. Waambie huko uendako. Wakikuuliza umesoma kwa nani, anza na mimi, halafu ndio uwataje hao Wajerumani wako.

Siandiki ili nikwambie uvae soksi. Shangazi yako amekuwa hapa tangu alasiri akikufungia achari na dawa za kikohozi, na mimi sipendi kumharibia mtu kazi yake. Umeshafundisha wachungaji wazima namna ya kusoma Biblia. Sitakufundisha mimi namna ya kufunga zipu ya koti.

Naandika kwa sababu ya kitu kimoja. Katika kitabu chako kuna ukurasa ambao si wa kweli. Ni ule wa yule jirani. Mswada bado uko mkononi mwako, na ulisema utamtumia mchapishaji ukishatulia huko, kwa hiyo nafasi ya kuurekebisha ipo. Aliyekosea si wewe. Nitafika, usinikimbize. Wanijua: siwezi kumfikisha mgeni Ngomeni, pale Fort Jesus, bila kumzungusha kwanza Mji wa Kale mzima.

Tena niache nipumue kwanza. Kadzo, nimefarijika hata naona haya. Tangu ilipokuja habari kwamba chuo cha huko ughaibuni kimekupa kazi, kazi ya kudumu, yenye ofisi na jina lako mlangoni, nalala kama mtoto aliyeogeshwa. Hukujua nilivyokuwa naogopa. Ile miaka yote ya vipindi vya kuazima, leo chuo hiki, kesho kile, unarudi nyumbani Tononoka jioni na mkoba umejaa karatasi za watu za kusahihisha, mimi nilikuwa nacheka mbele yako na kuuma vidole nyuma yako. Kila nikikutana na mzee wa kanisa ananiuliza, "Katana, bado anasoma tu?" kama kwamba kusoma ni homa. Nilikuwa namjibu, "Anasoma ili aje akueleze ulichokuwa ukihubiri." Kisha naenda zangu kuuma vidole.

Na pale sokoni Marikiti, yule mama wa vitunguu, unamjua, aliniuliza hasa unafundisha nini.

"Theolojia," nikamwambia.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni udaktari, mama, ila wagonjwa wake hawajui kama wanaumwa."

Akaniongeza kitunguu kimoja cha bure kwa heshima yako. Ndiyo faida ya kwanza niliyoiona ya elimu ya juu.

Siku ya kutetea tasnifu yako nilikaa nyuma kabisa na suti ya kuazima iliyonibana kwapani. Sikuelewa kitu. Niliona tu watu watatu wenye miwani wakikurushia maswali, na wewe unayadaka moja moja na kuyaweka mezani. Yule kijana aliyekaa karibu nami nikamnong'oneza, "Huyo ni wangu." Akasema, "Najua, mzee, umeshaniambia." Walipokuita Daktari nilipiga mluzi. Nisamehe. Ulinitazama kwa jicho la kuua, lakini nilikuona umecheka.

Kitu nilichokielewa katika elimu yako yote ni kile unachokitafuta. Ulinieleza pale barazani, tunakula viazi karai. Ulisema: wanazuoni wengi wanaandika juu ya Wakristo na Waislamu kama kwamba ni nchi mbili zinazotumiana mabalozi. Wewe wataka kuandika juu ya watu wanaoazimana chumvi. Nani hula kwa nani, nani humlilia nani, nani huoa kwa nani, na Mungu yuko wapi katika hayo. Nikakwambia, "Mama, hiyo si theolojia, hiyo ni mtaa wetu wa zamani, Kibokoni." Ukaandika maneno yale. Niliyaona baadaye katika makala yako, na jina langu chini kwa herufi ndogo. Nikaionyesha makala ile kwa kila mtu, hata kwa mgeni mmoja Mtaliano asiyejua Kiswahili.

Haya. Sasa mlango.

Kazi yangu tangu nitoke shule ni mdomo. Nachukua wageni pale Ngomeni, nawapitisha vichochoroni, nawaonyesha milango ya nakshi, na historia ikipungua naiongeza. Siku moja, wewe ukiwa msichana wa shule ya msingi, mgeni mmoja aliniuliza: "Hapa naona misikiti na nyumba za Waislamu. Wakristo wa zamani wako wapi?" Nami mtu akiniuliza swali siwezi kumwacha aende na njaa. Nikamwambia arudi kesho. Jioni ile nikachukua msumari, nikaenda kwenye ile nyumba tuliyopanga zamani, ambayo siku hizi ni gofu, nikachonga msalaba mdogo kwenye mhimili wa mawe wa mlango. Bi Rukia, jirani yetu wa zamani, alikuwa dirishani kwake, ng'ambo ya kichochoro.

"Katana! Wafanyani hapo?"

"Naandika historia, Bi Rukia."

"Kwa msumari?"

"Wino umekwisha."

"Na laana zikikushika, usiniite."

Kesho yake nikamsimulia yule mgeni hadithi ya wanawake wawili wa enzi za Wareno, mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, waliokaa nyumba mbili zinazotazamana, karibu hata wakinyoosha mikono wanashikana. Njaa ilipoingia mjini, wakawa wanapitishiana sahani kwa madirisha, juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyejua nani anamlisha nani. Mgeni akalia. Nikajua nimepata mali. Nikaisimulia miaka na miaka, na kila msimu wa wageni nilikuwa naupitishia msalaba msumari kidogo usije ukafifia.

Wewe ulikua ukiisikia, na uliiamini. Ulipokwenda bara kusoma, insha yako ya kwanza kubwa ukaandika juu ya msalaba ule, hata mwalimu wako, yule mzee mpole mwenye fimbo, akasafiri kuja kuuona. Nami kwa kutaka kukupendezesha, jana yake nikauchonga vizuri, nikauchimba hasa. Mnakumbuka kilichotokea, wewe na yeye na kichochoro kizima. Aliinama, akapitisha kidole, kidole kikatoka na unga mweupe.

"Bwana Katana," akasema, "msalaba huu ni wa lini?"

"Enzi za Wareno, Profesa."

Akautazama ule unga. "Basi Wareno wameondoka hapa jana jioni."

Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na msumari wangu. Nilidhani nimekuvunjia masomo. Nawe ukakaa chini kwenye ngazi, ukacheka mpaka ukashika mbavu, mwalimu naye akacheka, na usiku ule hukuniambia neno baya hata moja. Ulisema, "Baba, umenipa kitu bora kuliko msalaba wa kweli. Sasa nataka kujua kwa nini watu wa hapa wanapenda kuamini kwamba zamani walilishana." Sura nzima ya tasnifu ilitoka hapo. Mimi ni nani? Mimi ni sura ya tatu.

Lakini uliniuliza na swali jingine, na hilo pengine umelisahau. Uliniuliza, "Ile hadithi ya wanawake wawili na madirisha uliitoa wapi?" Nikakujibu, "Kichwani."

Haikutoka kichwani. Madirisha yalikuwepo. Ila hawakuwa wanawake wawili, alikuwa mwanamke mmoja na kijana mmoja mpumbavu. Wala haikuwa sahani.

Unajua mamako Sidi alifariki akatuacha ukiwa mchanga kabisa, kitovu hakijapona vizuri. Hadithi niliyokupa, na niliyoipa dunia, ni kwamba nilikununulia chupa, nikajifunza, nikakulea. Chupa nilinunua, kweli. Hukuitaka. Ulikuwa unaitema, unalia, unakauka, mimi natembea nawe chumbani pale ghorofani nikikuimbia nyimbo za mpira kwa sababu ndizo nilizozijua. Watu wa mamako walikuwa wameshatuma ujumbe kutoka Rabai: kama kijana hawezi, mtoto aletwe. Nami niliapa mbele ya watu kwamba naweza.

Jioni hiyo dirisha la ng'ambo likafunguliwa.

"We Katana! Mwana yuwalia tangu alasiri, wamfanyani?"

"Nampa maziwa, hataki."

"Maziwa ya nani?"

"Ya ng'ombe. Ya dukani."

"Subhanallah. Mlete."

"Nashuka."

"Washuka wapi, mwana ashakauka sauti! Mpitishe hapa."

Nikakufunga kwa shuka, nikakutoa dirishani kwa mikono miwili, juu ya kichochoro. Muuza kahawa alikuwa anapita chini na dele lake. Akasimama, akatazama juu. "Katana," akasema, "huyo ni mtoto au mzigo wa Marikiti?" Bi Rukia akamwambia apite na kahawa yake, akanyoosha mikono, akakupokea. Alikuwa na mwanawe Salim, naye bado mchanga. Akakaa chini, sikumwona tena, nikasikia tu kilio kimekatika. Sijapata kusikia kimya kizuri kama kile.

Tukaendelea hivyo. Ukilia, nabisha kwenye ubao wa dirisha, naye ananyoosha mikono. Ulinyonya kwake mpaka ukaota meno, na ukamuuma. Kelele aliyopiga siku hiyo ilifika Ngomeni. Kisha akaniita barazani kwake, uso hauna mchezo.

"Sikiza. Huyu sasa ni wangu kama Salim alivyo wangu. Wamenyonya ziwa moja, ni ndugu. Akikua ajue, wasije wakaingia makosani. Utamwambia wewe, si mimi. Wewe ndiye babake."

"Nitamwambia, Bi Rukia."

"Umwambie vizuri. Asione haya."

Na mimi, Kadzo, ndiye niliyeona haya. Mwanzo ilikuwa hofu. Watu wa Rabai wangejua siwezi, wangekuchukua. Tukahamia Tononoka, hofu ikaisha, lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshakuwa hodari wa mtaa: kijana aliyelea mtoto peke yake! Wasichana wananisifu, wachungaji wananitolea mfano. Unaikumbuka ile Jumapili ya akina mama? Mchungaji aliposema mama wote wasimame wabarikiwe, mimi nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi, wakanipa leso ya kujifunga kama walivyowapa wao. Wewe ulikuwa unacheka kwa fahari. Nani angekubali kuketi chini baada ya hapo?

Kila nilipopita kwake Bi Rukia aliniuliza, "Ushamwambia?" Nikamjibu, bado kidogo. Ushamwambia? Bado, ana mtihani. Ushamwambia? Mwishowe nikachoka kuulizwa. Nikasema, "Nishamwambia." Akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi. Alisemaje?" Nikasema ulifurahi. Mwongo akishazoea, mwanangu, haoni hata pa kusimama.

Sasa unaanza kuona ninakoelekea. Wewe una akili kuliko mimi, labda umeshafika na kunikalia barazani unaningoja.

Ile harusi ya binti yake Bi Rukia, Mwanaisha. Ulikuwa umemaliza shule, umekubaliwa kusomea uhasibu, umevaa lile gauni la kijani. Yule shangazi wa Salim aliyekuja kutoka Lamu, asiyejua habari zetu, akakuona unavyogawa haluwa, akasema kwa sauti mbele ya wanawake wote, "Na huyu mwana mzuri hivi, mbona tusimuoze Salim?" Ulinisimulia mwenyewe kwamba uso ulikupata moto, na kwamba hukuchukia kusikia. Na Bi Rukia, aliyekuwa anakupenda, akasema papo hapo, kwa ukali: "Hilo haliwezekani. Wala msilirudie." Wanawake wengine wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea na nyimbo zao.

Bi Rukia alidhani unajua kwa nini. Mimi ndiye niliyemwambia unajua. Kwa hiyo hakuona haja ya kukuvuta pembeni.

Ulirudi nyumbani na haluwa yako kwenye karatasi, hujaila. Ukaketi karibu nami. Hukulia mara moja. Uliniuliza, "Baba, ni kwa sababu mimi Mkristo?"

Neno moja tu ndilo lililotakiwa. Nilikuwa nalo mdomoni, mimi ambaye sijawahi kukosa neno. Badala yake nikasema, "Ndivyo watu walivyo, mwanangu."

Mwaka ule uliacha uhasibu ukaenda chuo cha Biblia. Ulisema wataka kuelewa. Nimejisifu kila mahali kwamba mimi ndiye niliyekufanya mwanatheolojia, na watu hucheka. Ni kweli tupu. Nilikufanya kwa sentensi moja ya uongo.

Wiki iliyopita ulinisomea mwanzo wa kitabu, kama ulivyo mtindo wako wa kunisomea kila kitu kabla ya wakubwa. Ukasoma habari za huyo jirani usiyemtaja jina. Kwamba alikulisha na kukuombea, alikuita mwanangu. Kwamba dini yake inamruhusu mwanamume wao kuoa Mkristo, kwa hiyo kilichokataa siku ile hakikuwa sheria. Kilikuwa kitu kingine, mpaka usioandikwa, uliomo ndani hata ya mtu mwema. Ukasema hapo ndipo kitabu kizima kinaposimama. Kisha ukanitazama.

"Baba, walia?"

"Vitunguu."

"Hakuna anayekata vitunguu hapa."

"Basi ni mbu."

Kadzo, mpaka ule uliandikwa. Umeandikwa wazi katika vitabu vyao, na wewe unavijua kuliko mimi. Waliochangia ziwa moja hawaoani. Bi Rukia hakukufungia mlango kwa sababu wewe ni mtu wa nje. Alikataa kwa sababu ulikuwa tayari umo ndani, mtoto wa nyumba. Ulikuwa unamwomba mama akupe kaka yako.

Sijui kitabu chako kitafanyaje bila ya ukurasa ule. Pengine kitaanguka, pengine kitapata miguu mizuri zaidi. Hiyo ni kazi ya profesa. Mimi naona kama umetumia miaka yote hii kutafuta pwani nzima undugu ambao ulikuwa nao tangu huna meno. Ukinicheka kama ulivyonicheka kwa msalaba, nitashukuru. Ukinikasirikia, nitashukuru vilevile, maana utakuwa umekasirika kwa jambo la kweli. Naona mkono wangu umekuwa mwepesi. Nilidhani kuyaandika haya kutaniua, kumbe ni kama kuvua ile suti ya kuazima.

Na kuna jambo linalonifariji, nalo nakupa ulibebe. Bi Rukia alipokuwa mgonjwa mwaka jana, ulikuwa unakwenda kila jioni kumlisha uji kwa kijiko, na kumchana nywele. Siku moja nilikuwa mlangoni. Alikushika mkono akasema, "Mwanangu, umenilipa." Wewe ukasema, "Si kitu, Bi." Ulidhani ni adabu za mjini. Yeye alidhani unajua anachokisema. Alikufa akiamini binti yake anamjua. Uongo wangu ule mmoja, sijui kwa huruma ya nani, ulimpa mwisho mwema.

Leso ya kanisani nimeitia begini mwako, chini ya makoti. Haijavaliwa. Walimpa mtu asiyestahili.

Asubuhi Salim atakuja na gari kukupeleka uwanja wa ndege. Amekataa nikodishe teksi, ameacha kazi yake Kilindini siku nzima. Maisha yake yote anakuita dada, nawe unadhani ni vile kila mtu Mombasa huitana dada. Njiani, kabla hamjafika, muitikie kama ndugu. Yeye anajua tangu utotoni. Nilimkuta leo, nikamwambia naandika barua. Akasema tu, "Ami Katana, andika vizuri."

Nimeandika vizuri kadiri ya darasa la sita. Limebaki moja, na hili sina mzaha nalo.

Siku ya msiba wa Bi Rukia, ulifika na shungi lako, ukawapa mkono wafiwa, kisha ukatoka uani ukakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na majirani, kwa heshima, kwa sababu ulijiona mgeni. Mimi nilikuwa barazani na wanaume. Mlango ulikuwa wazi, nikaona ndani. Binti zake walikuwa wameketi mkekani, wafiwa wenyewe, bega kwa bega. Na kati ya Mwanaisha na dadake kulikuwa na nafasi. Mtu akitaka kukaa hapo walimwonyesha kwingine. Mwanaisha alikuwa akiinua macho kutazama uani, anakutafuta, anayarudisha chini. Walikungoja mpaka watu wakaondoka. Wewe hukujua, na mimi niliyejua nilishika kikombe changu cha kahawa, nikanyamaza.

Ukurasa utauandika upya. Mkeka ule ulishakunjwa, mwanangu, na nafasi ile ilikuwa yako.

Ni mimi,
Katana, babako, ambaye hakukulea peke yake.